Mume Aliyependa Kuhesabu, Mke Aliyeshindwa Kuacha

Wadogo zangu wakalimani wa chumba cha mwisho pale kituo cha afya,

Siku mliponiaga kwa soda na kitenge, mmoja wenu aliniuliza ni mgonjwa gani aliyenifundisha kazi hii. Nilijibu ovyo, mdomo umejaa keki. Sasa niko nyumbani, nyanya zimeshamwagiliwa, hakuna anayeniita "Mama Neema, njoo upesi," kwa hiyo nitajibu vizuri. Habari za posho na vyeti sitaandika. Mnazijua, na hazijawahi kumponya mtu. Mgonjwa mwenyewe aliniruhusu kuyasimulia haya, ila majina ya nyumba yake nimeyabadilisha.

Nilifika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, kutoka Uvira, Kongo, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Kwetu nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Kichewa sikufundishwa na mtu, nilikiokota sokoni nikiuza maandazi na kubishana na wanawake wa vijiji vya Dowa. Kituo cha afya kilipotafuta mtu wa kuwasemea Wakongomani mbele ya wauguzi Wamalawi, walinichukua mimi kwa sababu niliweza kubisha kwa lugha zote mbili. Siku ya kwanza nilivaa viatu vya visigino. Nilitafsiri kuhara tangu asubuhi hadi saa nane mchana. Kesho yake nilikuja na kandambili.

Miaka michache baadaye akaanza kuja Bwana Mwale, muuguzi wa magonjwa ya akili. Alikuwa akiishi Area 49 mjini Lilongwe na alitufikia Alhamisi moja kila wiki mbili. Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye kalamu mbili mfukoni, na akifika aliuliza kwanza kama tumekula. Alinipa sheria moja tu.

"Mama Neema, usinipe maana. Nipe maneno aliyoyasema mgonjwa. Maana nitaitafuta mwenyewe."

Nikasema zikomo, asante, bwana. Moyoni nikasema, huyu hajui lugha ni kitu gani. Mimi ni mwalimu, nitamrahisishia.

Sasa niwaambie habari za fundi mmoja wa kushona, mtu wa Bukavu, tuliyemwita Papa Ushindi kwa jina la mtoto wake. Kibanda chake kilikuwa kando ya njia ya sokoni, na ndiye aliyeshona sare za kwaya yetu. Nyuzi zake alizipanga kwa rangi, kutoka nyeupe hadi nyeusi, na ole wako ukirudisha ya kijani mahali pa bluu. Alipima mara tatu. Sindano na pini zake zilikaa ndani ya kopo, na kila jioni kabla ya kufunga alizimwaga juu ya meza, akazihesabu, akazirudisha moja moja, kisha akavuta pumzi kama mtu aliyemaliza kula. Mara moja alifumua gauni langu zima kwa sababu mistari ya kitambaa haikukutana chini ya kwapa.

"Papa Ushindi, hapo nani ataona?" nilimuuliza.

"We hauone, mama. Mi naona."

Wasichana wa kujifunza ushonaji walimkimbia mmoja baada ya mwingine. Hakujuta. Aliwahurumia, kama mtu anavyomhurumia kipofu.

Mkewe, Nsimire, ndiye aliyekata vitambaa. Huyo alikata bila chaki, huku akicheka na kusimulia habari za jirani, na nguo ikatoka sawa. Mumewe hakuelewa jambo hilo linawezekanaje, na nadhani ndiyo sababu alimwoa. Walikaa miaka mingi bila mtoto. Ushindi alipozaliwa tulipiga vigelegele mpaka sauti zikakauka.

Mtoto alipokuwa na miezi mitatu hivi, Papa Ushindi alinikuta nje ya kanisa, uso unang'aa.

"Mama Neema, bibi yangu sasa njo amekuwa fundi wa kweli. Anahesabu masindano, mi hata sikumwambia!"

Tulicheka. Tuliona ni kawaida, watu wakikaa pamoja hufanana.

Lakini Nsimire hakuhesabu mara moja kwa jioni. Alihesabu, akarudisha, akamwaga tena. Alifumua mapindo ya nguo za mtoto akitafuta sindano ndani. Baadaye akaacha kukata vitambaa, akisema mkono unamuuma. Halafu akaacha kumwogesha mtoto, kazi hiyo akamwachia wifi yake, Faida, dada wa mumewe aliyekaa nao. Wanawake wa kanisa wakaanza kusema. Wengine walisema mume amemwambukiza ukali wake, wengine walisema kuna pepo. Faida mwenyewe alisema neno fupi zaidi: "Hamupendi mutoto."

Papa Ushindi alimleta kituoni siku moja ya Alhamisi. Tusimsifu sana. Alimleta kwa sababu nguo za harusi zilikuwa zimekwama na mkataji hakati. Walikaa mbele ya Bwana Mwale, mume akajibu kila swali, mpaka Bwana Mwale akainua mkono na kuomba mke aseme.

Nsimire alisema hivi, akitazama sakafu: "Kila saa niko nahesabu masindano. Nikimaliza, naanza tena."

Nami nikatafsiri: "Amakonda kuwerenga singano."

Mnaojua Kichewa mmeshaliona kosa. Neno hilo, kukonda, ni kupenda. Ni kweli watu hulitumia pia kwa jambo linalotokea mara kwa mara, kama sisi tunavyosema mtoto huyu anapenda kuugua, na hakuna mtoto anayependa kuugua. Nilitaka kusema kwamba anahesabu mara nyingi. Kilichotoka mdomoni mwangu, kwa sikio la mtu anayetafuta moyo wa mgonjwa, ni kwamba mama huyu hufurahia kuhesabu sindano. Na ile "naanza tena" niliimeza, niliona inarudia jambo lile lile.

Bwana Mwale alimtazama mume, ambaye wakati huo alikuwa akinyoosha karatasi za mezani zikae sawa na ukingo. Akatabasamu. "Na wewe unahesabu?"

"Kila siku!" alisema Papa Ushindi, kifua mbele.

Bwana Mwale akaandika. Alituambia anaona mama aliyechoka, mwenye mtoto mchanga, katika nyumba inayopenda utaratibu. Apumzike, arudi baada ya mwezi. Nilitafsiri vizuri kabisa. Nsimire akasema asante, akaondoka, na mimi nikaita anayefuata.

Wiki mbili hazikuisha. Asubuhi moja Faida alikuja kwangu mbio, kitenge kinamfunguka. Alisema anampeleka mtoto kwa ndugu yao huko Likuni, na kwamba Nsimire amekubali bila hata kulia.

"Amekubali?" niliuliza.

"Anasema afazali mutoto aende mbali naye. Mama Neema, mama gani anasema vile? Na leo nimemukuta amesimama inje mu jua, mutoto analia ndani peke yake, anakataa kuingia."

Nilimwomba asubiri kidogo, nikaenda naye hadi kwao. Nsimire alikuwa nyuma ya nyumba, amekaa juu ya mikono yake yote miwili, amekonda mashavu. Nilikaa chini karibu naye. Sikujua pa kuanzia, nikauliza swali la kijinga.

"Mwanangu, kwani kuhesabu huku unakupenda sana?"

Aligeuka akanitazama kama niliyemtukana.

"Kupenda? Nakuchukia! Ningekuwa na nguvu ningetupa kopo yote mu choo. Siweze kuacha, mama. Nikiacha, kifua kinabana, naona nitakuwa nimeua mutu."

Hapo ndipo nilipolisikia neno langu la ile Alhamisi.

"Nani?" nilimuuliza.

"Nikikuambia, utanikimbia."

"Nina magoti mabovu. Siwezi kukimbia."

Hakucheka, lakini alisema. "Nikiona makasi, picha inakuja. Naona mukono yangu inamudunga Ushindi. Sitaki! Namupenda kuliko macho yangu. Picha inakuja tu, mara kumi, mara makumi. Njo maana nilificha makasi. Njo maana nahesabu: kama masindano yote iko mu kopo, basi hakuna yenye iko mu mwili yake. Halafu naona labda nilihesabu mubaya."

Nitawaambia ukweli, maana hamtanifukuza kazi. Jambo la kwanza nililofanya ni kugeuza shingo kutazama mtoto yuko wapi. Alikuwa mgongoni mwa Faida, mbele ya nyumba. Nsimire aliona jinsi nilivyogeuka. Akainamisha kichwa, akasema polepole, "Unaona."

Nilimshika mkono. Nilimwambia anisamehe kwa shingo yangu, na kwamba Alhamisi inayofuata tutakwenda wote wawili kwa Bwana Mwale, bila mume. Faida nilimwambia jambo moja tu, kwamba Nsimire ni mgonjwa na anampenda mtoto, asimpeleke popote mpaka siku hiyo na asimwache mama peke yake. Alitaka kujua zaidi. Sikumwambia, na ilinigharimu urafiki wake kwa muda mrefu. Siri ya chumba kile haina jirani wala ndugu. Hilo mnalijua, lakini mtalijua zaidi siku jirani atakapokununia.

Alhamisi nilimwahi Bwana Mwale hata kabla hajauliza kama tumekula. Nilimweleza kosa langu, neno kwa neno. Alizungusha kalamu.

"Kwa hiyo siku ile ulinipa maana yako," alisema.

"Ndiyo, bwana."

"Na mimi nikaipokea kwa sababu ilinipendeza. Sikuuliza swali la pili." Akafungua ukurasa mpya. "Muite."

Safari hii nilikuwa bomba la maji tu, maneno yakapita kama yalivyo. Alimuuliza kama anasikia sauti za watu wasioonekana. Hapana. Kama ameshawahi kutaka kumuumiza mtoto, hata kwa hasira. Hapana, hapana. Anajua picha hizo zinatoka wapi? "Mu kichwa yangu mwenyewe. Njo inaniogopesha." Picha ikija, anafanya nini? "Nakimbia. Naenda mbali naye." Je, alikuwa amefikiri kujiua? Hapo alilia, akasema alifikiri, ili mtoto apone. Bwana Mwale alimuuliza taratibu sana kuhusu hilo, hakuruka kitu, mpaka akaridhika kwamba hakuna mpango na kwamba Faida yumo nyumbani.

Kisha akaweka kalamu chini. "Mwambie hivi. Katika kambi hii yote, sioni mtu aliye mbali na kumdunga mtoto huyu kuliko yeye. Ugonjwa huu huchagua kitu unachokipenda zaidi, unakutishia nacho."

Nilipomtafsiria, Nsimire aliomba nirudie. Nikarudia. Akaomba mara ya tatu, na Bwana Mwale akatikisa kichwa: "Hapana, usirudie. Ataanza kunihesabu na mimi."

Nsimire alipotoka nje nilimuuliza Bwana Mwale lililokuwa likinisumbua. "Sasa mume wake je? Naye anahesabu sindano zile zile, kopo lile lile."

"Mume akimaliza kuhesabu anajisikiaje?"

"Kama amekula akashiba."

"Na mke?"

"Kama hajaonja kitu."

"Basi umeshajijibu. Yule mwanamume ndivyo alivyo. Tangu ujana, katika kila jambo, na anaona dunia nzima ingekuwa hivyo ingekuwa nzuri. Wanaochoka ni sisi. Huyu mama amevamiwa. Anajua kuhesabu kwake hakuna akili, anaona aibu, na hawezi kutoka." Akafikiri kidogo. "Lakini usiwapange watu kama zile nyuzi za fundi. Nimeona wenye tabia ile wakapata na ugonjwa huu juu yake. Uliza kila mmoja."

Dawa iliyohitajika haikuwepo kambini, na ilitakiwa daktari aiandike. Tulikwenda Lilongwe sote watatu, kwenye hospitali moja ambayo sitaitaja. Daktari alikuwa kijana, foleni yake imefika mlangoni, na alizungumza Kiingereza cha haraka, lugha niliyokuwa nimeiokota kwa miaka yangu pale kituoni. Bwana Mwale aliona wagonjwa wamekuwa wengi, akatoka kwenda kuuliza kama dawa ipo, na mimi nikabaki na Nsimire.

Aliulizwa, akajibu, nikatafsiri. Alipofika kwenye makasi, daktari aliinua kichwa.

"Kwa hiyo anataka kumdunga mtoto wake," alisema, na mkono ukaenda kwenye simu. Aliniambia anawapigia watu wa ustawi wa jamii, mtoto aondolewe leo leo.

Nsimire hakujua Kiingereza, lakini alijua mkono unaokwenda kwenye simu. Alinishika nguo.

Kazi yetu, mnavyofundishwa, si kuongeza. Nilisimama. Sijui kwa nini nilisimama, ukalimani hufanywa umekaa.

"Daktari, samahani. Hakusema anataka. Amesema anaogopa. Ameyasema mara mbili, na mara zote mbili nimesema anaogopa."

"Mama, wewe tafsiri tu."

"Ndiyo kazi ninayofanya, daktari. Neno kutaka halikutoka kwake, na mimi sikulileta. Naomba umuulize tena, kwa neno lako mwenyewe, nami nitalipeleka hivyo hivyo."

Niliwaza kwamba kesho nitarudi kwenye maandazi. Yule kijana alinitazama, akamtazama Nsimire, mkono ungali juu ya simu. Kisha akauliza: unataka kumuumiza mtoto wako? Nilipeleka swali. Nsimire akasema kwa sauti iliyofika nje, "Afazali nikatwe mikono!" Hilo halikuhitaji mkalimani, lakini nililitafsiri.

Bwana Mwale aliporudi alikuta daktari ameondoa mkono kwenye simu na anauliza maswali taratibu. Walizungumza wawili kidogo. Daktari akaandika dawa. Kabla hatujatoka alimwomba Nsimire radhi, na mimi nikaitafsiri radhi hiyo polepole, nisiidondoshe hata silabi.

Vidonge vilichukua wiki nyingi kufanya kazi, na Bwana Mwale alikuwa amemwonya. Kulikuwa pia na mazoezi. Kwanza akae chumba kimoja na mtoto, makasi yamefungwa kwa kitambaa juu ya meza. Siku nyingine yafunguliwe. Siku nyingine ayashike. Picha ije, na asikimbie, asihesabu, aiache ichoke yenyewe. Papa Ushindi alipewa kazi moja: mkewe akimuuliza "Uko hakika masindano yote iko?" asimjibu, maana kila jibu huzaa swali jingine.

Mnaweza kukisia alichofanya. Alichora ratiba kwa rula, wino mweusi na mwekundu, akaibandika ukutani. Makasi saa tatu kamili. Nsimire alipochelewa dakika tano alimgombeza. Alipolia alimwambia kulia hakumo kwenye ratiba. Wiki ya tatu mwanamke alikuwa amerudi kwenye kopo.

Bwana Mwale alikwenda kibandani mwenyewe, nami nikiwa naye. Aliisoma ratiba yote kwa heshima.

"Na mimi munipe dawa?" aliuliza Papa Ushindi kwa uchungu. "Batu wanasema mimi njo nilimuambukiza."

"Hukumwambukiza. Ugonjwa wake wewe huna," alisema Bwana Mwale. "Na kwa ulivyo sina kidonge, wala wewe hukitaki. Lakini mkeo anaogopa makasi, na anakuogopa wewe. Makasi nitamsaidia. La pili liko kwako."

Nilitafsiri, na niliona neno lilivyoingia. Fundi alishika ukingo wa meza.

"Ananiogopa?" alisema. Hakuwa akimuuliza Bwana Mwale. Aligeuka kwa mkewe, aliyekuwa mlangoni na mtoto.

Nsimire akasema, "Ukishika ile rula, ndiyo."

Aliibandua ratiba, taratibu, isichanike. Huo ndio uungwana aliouweza. Akauliza afanye nini, na Bwana Mwale akamwambia asihesabu tena mbele ya mkewe. Alinung'unika kama mtu aliyeambiwa avae shati nje ndani. Alisema ni uzembe, alisema sindano zitapotea. Lakini aliweza. Nilikuja kugundua alikuwa anahesabu asubuhi, kabla mkewe hajafika kibandani. Bwana Mwale alicheka mpaka akavua miwani.

Nsimire hakupona kwa siku moja. Alipanda, akashuka, akapanda. Lakini niliingia kibandani siku moja nikamkuta anakata kitambaa cha satini, bila chaki, Ushindi akitambaa miguuni pake na kula kipande cha uzi. Nilimuuliza kama picha bado zinakuja.

"Inakuja siku zingine. Inapita kama baiskeli ya kabaza, ile ya kubeba watu, barabarani. Mi sipandi."

Mumewe alikuwa pembeni akifumua kazi ya msichana mpya. Msichana huyo naye hakudumu.

Bwana Mwale alihamishwa, wakaja wengine. Niliona wagonjwa wengi baada ya hapo. Ila mwaka wangu wa mwisho kazini, Nsimire aliingia akimwongoza binti wa Kirundi, mwenye mtoto wake wa kwanza. Nsimire alisema kwamba binti huyo haingii jikoni tena mtoto akiwa karibu, na kwao walishaanza kuulizana mtoto atapelekwa wapi. Muuguzi alimuuliza kuna nini. Binti akakaza midomo. Nikatafsiri tena swali. Nilikuwa nimeanza kukata tamaa.

Nsimire alivuta kiti, akakaa akigusana naye bega.

"Sema vile iko," alimwambia. "Hata kama ni kitu cha kutisha. Mi nilisema humu humu. Mutoto wangu iko masomoni saa hii, anapiga kelele tu."

Binti alimtazama mikono, kisha uso.

"Ni maji ya moto," akaanza.